Maharage ya Rurambo, njaa ya Mulongwe

Kwenye soko la Mulongwe, mjini Uvira, maharage hupimwa kwa kopo. Ni kopo tupu la maziwa ya Guigoz, ambalo Kivu nzima imeshasahau maziwa yake likabaki kuwa kipimo. Simama mbele ya meza ya muuzaji asubuhi, uangalie mikono yake. Anazamisha kopo kwenye gunia, analiinua likiwa limejaa, kisha kwa kiganja cha mkono wa pili anazungushia punje mdomoni mwa kopo mpaka kisimame kichuguu. Akishamimina kwenye mfuko wa mnunuzi, anachota kidogo tena na kuongeza matabisi, ile nyongeza ambayo mteja wa Kongo haondoki bila kuidai.

Mzigo ukishuka vizuri kutoka milimani, kichuguu kinakuwa kirefu na matabisi yanajaza kiganja. Njia ikifungwa, bei ya kopo inaweza kubaki ileile kwa siku kadhaa. Kinachobadilika ni kichuguu. Mkono unapita juu ya kopo na kukikata, kama fundi anavyosawazisha udongo wa tofali, na matabisi yanageuka kuwa punje tano. Anayekusanya bei za soko kwa ajili ya ripoti ataandika kwamba bei haijabadilika, na hatakuwa amesema uongo. Ila mama aliyenunua makopo mawili ameshajua, kabla hajafika nyumbani Kimanga au Kasenga, kwamba jioni mchuzi utakuwa mwingi kuliko maharage.

Yeyote anayekuja kuchunguza njaa ya mji huu, namwomba aanzie kwenye kichuguu hicho.

Sehemu ya maharage hayo hutoka Rurambo. Ni nchi ya juu, katika uchifu wa Bafuliiru, kwenye milima inayoitazama Uvira na bonde la Ruzizi kutoka upande wa magharibi. Wanaishi huko Bafuliiru, Banyindu na Banyamulenge. Hewa yake ni ya baridi kuliko ufukwe, udongo unapokea maharage, mahindi, mihogo na viazi, na mabonde yake yana malisho ya ng'ombe. Chini, Ziwa Tanganyika linatoa samaki wa ndagala na mikebuka, bonde la Ruzizi linatoa mpunga, na kutoka upande wa Fizi, kwa barabara ya namba 5 au kwa mashua, yanakuja mafuta ya mawese. Mtu akiitazama ramani bila kujua habari za watu wake, angesema hapa njaa haina pa kupita: samaki, mchele, maharage, maziwa, mawese na sombe, vyote ndani ya mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu.

Na bado njaa ipo. Uchambuzi wa kitaifa wa hali ya chakula ulikadiria kuwa kati ya Januari na Juni 2025 karibu watu milioni 28 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa na upungufu mkali wa chakula. Namba hiyo ni ya kutisha, na inafaa kwa kuombea msaada mikutanoni. Lakini haiwezi kumwambia kiongozi wa mtaa wa Kalundu ni nyumba zipi zimelala na njaa jana, wala kwa nini ni hizo na si za jirani.

Njaa ya mjini ina sura yake. Mkulima wa Rurambo akikosa mvua, shamba lake linamwambia mapema; ana miezi ya kujipanga. Mkaazi wa mjini hana ghala, ana mfuko wa suruali au pindo la kitenge, na ndani yake mna pesa ya leo. Ndiyo maana Kongo ikawa na biashara ya kadogo: mawese yanauzwa kwa kijiko, chumvi kwa fundo la karatasi ya plastiki, mkaa kwa fungu la kupikia mara moja. Kadogo imeokoa nyumba nyingi, nami sitaisema vibaya. Ila ina gharama ambayo mnunuzi haioni. Gunia likitoka Rurambo linavunjwa kuwa beseni, beseni kuwa kopo, kopo kuwa gilasi, na kila linapovunjwa kuna mtu anayekula riziki yake hapo. Anayenunua kwa gilasi ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, naye ndiye mwenye kidogo kuliko wote.

Kabla gunia halijafika mjini limeshavunjwa njiani kwa namna nyingine. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, pamoja na mtafiti Peer Schouten na wenzake Wakongo, walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Walihesabu vizuizi 798. Vingine ni vya askari, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya maofisa wa kiraia wenye risiti. Mwenye gunia analipa kila mahali, kwa noti au kwa kupunguziwa mzigo. Wengi waliisoma kazi hiyo kama habari za vita na madini. Mimi naisoma kama utafiti wa chakula, kwa sababu mwisho wa yote kila kizuizi kinaonekana juu ya kopo la Mulongwe.

Sasa, njaa ya namna hii inapimwaje? Kipimo kimoja kinachotumika duniani kote kina mizizi katika miji ya Afrika, na hasa Kampala. Mapema miaka ya 1990 Mmarekani Daniel Maxwell alichunguza kilimo cha ndani ya Kampala, mihogo na viazi vitamu vilivyokuwa vikilimwa mabondeni na kando ya njia na watu ambao serikali ya mji iliwaona wavunja sheria. Kutokana na kazi yake ya Kampala, na baadaye Accra, alitoa wazo rahisi: badala ya kuuliza watu wana chakula kiasi gani, uliza wanafanya nini kinapokosekana. Wazo hilo leo limebaki na maswali matano. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mlikula vyakula vya hali ya chini kuliko mlivyozoea? Ni siku ngapi mlikopa chakula au kutegemea ndugu na marafiki? Ni siku ngapi mlipunguza kipimo cha sahani? Ni siku ngapi watu wazima walijinyima ili watoto wale? Ni siku ngapi mlipunguza idadi ya milo?

Kila jibu lina uzito wake. La kwanza, la tatu na la tano zina uzito wa 1, kukopa 2, na watu wazima kujinyima kwa ajili ya watoto 3. Tuseme nyumba moja ya Mulongwe ilikula vya hali ya chini siku zote 7, ikakopa siku 2, ikapunguza sahani siku 4, wazazi wakajinyima siku 3 na mlo mmoja ukaondolewa siku 5. Hesabu yake ni 7 na 4 na 4 na 9 na 5, jumla 29. Kwa mizani ya wachambuzi, kuanzia 19 nyumba imeshaingia kwenye hali ya hatari. Napenda hesabu hii kwa sababu imetambua jambo ambalo kina mama wa Uvira wanalifanya bila kulipa jina: mama anayepakua, anagawa, na mwisho anakomba sufuria akisema yeye ameshashiba kwa harufu ya moshi. Mtafiti amempa mama huyo uzito wa tatu. Ni haki yake.

Lakini maswali matano yakishuka kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye Kiswahili cha Uvira, yanahitaji mkono wa mwenyeji. Ukimuuliza mtu wa hapa kama amekula, naye tangu asubuhi ametafuna hindi la kuchoma na kipande cha muwa, atakujibu hajala. Kula ni bugali. Ukiuliza kuhusu kukopa, wengi watakataa, kwa sababu deni la dukani si kukopa, ni kuandikiwa. Daftari la duka ni sehemu ya mapishi. Na ukimuuliza baba wa nyumba, utapata jibu la baba. Yeye anajua alichowekewa mezani. Kilichokatwa ili kiwekwe mezani anakijua aliyepika.

Halafu kuna mwezi. Hili nalisisitiza kwa sababu linasahaulika kila mara. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za mwanga wa jua. Zinawashwa juu ya maji na samaki wanakusanyika chini ya mwanga. Kwa hiyo uvuvi unataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, maji yote yanang'aa, taa haina kazi, na wavuvi wanapumzika kwa siku kadhaa wakishona nyavu. Siku hizo ndagala wabichi wanaadimika Kalundu, bei inapanda, na wakavu wanaanza kupimwa kwa mkono mzito. Giza likirudi, sahani ya maskini inarudi kuwa na samaki. Sasa fikiria mtafiti anayefika na maswali yake ya siku saba katika wiki ya mbalamwezi. Ataandika kwamba watu wa Uvira hawali samaki. Mwenzake atakayefika wiki mbili baadaye ataandika kwamba wanakula kila siku. Wote wawili watakuwa na fomu zilizojazwa vizuri, na wote watakuwa wameliona ziwa kwa jicho moja.

Ziwa lenyewe linabadilika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kuwa maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, yanachanganyika kidogo na yale ya chini yenye rutuba, na kwamba uzalishaji wa vijani vidogo vinavyolisha samaki ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki kupungua kwa karibu asilimia 30. Nchi nne zenye ziwa zimejaribu kujibu kwa kufunga uvuvi kwa miezi. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Samaki wanahitaji muda wa kuzaa, sina ubishi na hilo. Ninachodai ni kwamba anayefunga ziwa kwa miezi mitatu ahesabu pia sufuria kwa miezi mitatu, mtaa kwa mtaa, ili ajue maharage ya nani yataziba pengo la ndagala.

Uvira inajua kuhesabu. Kuna mfano ambao kila kijana wa mji huu anayeandika kazi yake ya chuo angepaswa kuusoma. Kipindupindu kimekuwa mgeni asiyeondoka hapa kwa miongo mingi. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron na wenzake, wakiwemo Wakongo wa Uvira, walitoa katika jarida la PLOS Medicine matokeo ya kazi iliyotokana na madaftari mawili. Moja ni la Regideso, shirika la maji, linaloandika kila siku mtambo umesukuma maji kiasi gani. La pili ni la kituo cha kutibu kipindupindu, linaloandika kila siku wagonjwa wangapi wameingia. Waliyaweka sambamba, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014. Ikaonekana kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo mtambo umefanya kazi vizuri. Kila mtu mjini alihisi kwamba maji yakikatika ugonjwa unakuja. Madaftari yakaonyesha unakuja kwa kiasi gani na baada ya siku ngapi, kwa kalamu za watu waliokuwa tayari wakifanya kazi yao ya kila siku.

Na chakula nacho kina madaftari. Duka la mtaa lina daftari la madeni, na kurasa zake zinajaa haraka kabla mshahara haujatoka na wakati wa karo za shule. Vikundi vya kuweka akiba, vile vinavyoitwa MUSO na likelemba, vina madaftari ya mikopo, na katibu wa kikundi anajua ni mwezi gani wanachama huomba mkopo wa biashara na mwezi gani huomba mkopo wa kula. Kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho mizizi yake ni kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi za Wabelgiji, kimekuwa kikichunguza ziwa na samaki wake tangu miaka ya 1950. Vituo vya afya vinapima watoto mkono na uzito. Makabati ya vyuo yamejaa TFC, yaani kazi za kumaliza masomo, za vijana kuhusu mihogo, kuhusu wauza samaki, kuhusu mpunga wa Luberizi na Kiliba. Nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, zikatetewa, zikapigiwa makofi, zikawekwa kabatini. Mwanamke aliyehojiwa kwa ajili ya kazi hizo hajawahi kurudishiwa hata ukurasa mmoja kwa lugha anayopigia hesabu zake. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu yeye ndiye angeweza kulitumia jibu kesho yake asubuhi.

Maana rasilimali zipo, na ni za hapahapa. Ng'ambo ya maji, Burundi, FAO iliwahi kueneza vichanja vya waya vya kuanikia ndagala ili wasianikwe mchangani. Samaki anakauka upesi, hana mchanga, na hasara ya msimu wa mvua inapungua. Kichanja kinahitaji miti na wavu tu. Kwa mihogo iliyoteswa na ugonjwa wa majani kujikunja, watafiti wa kilimo wameshaleta Kivu Kusini mbegu zinazovumilia, kama Sawasawa na Liyayi, na mbegu ya muhogo ni kijiti ambacho jirani anaweza kumpa jirani bure. Kando ya mito ya Kalimabenge na Mulongwe na kwenye viwanja visivyojengwa, kina mama hulima lengalenga inayochumwa baada ya wiki chache. Kule Kampala, Maxwell na wenzake walionyesha mwaka 1998 kuwa watoto wa nyumba zinazolima mjini hawakudumaa sana kama wa nyumba zisizolima, na katikati ya miaka ya 2000 mji huo ukabadili sheria zake ili kilimo cha mjini kitambuliwe badala ya kufukuzwa. Uvira inapaswa kuwa na uangalifu zaidi, kwa sababu kando ya mto ni mahali pa hatari: usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mito ilishuka na mawe, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na tangu hapo ziwa nalo limepanda na kumeza mitaa ya ufukweni. Bustani ya lengalenga inaweza kupotea na ikapandwa upya. Nyumba ndiyo isiyopaswa kurudi pale.

Kuhusu Rurambo siwezi kuandika kwa utulivu. Tangu 2017 milima ya juu ya Uvira imechomwa, vijiji vya jamii mbalimbali vimeteketea, ng'ombe wamenyang'anywa kwa maelfu, na waliokuwa wakiuzia mji chakula wameshuka kuja kukila wakiwa wakimbizi, kwenye nyumba za jamaa zilizokuwa zikitegemea maharage yao. Nyumba hiyo inapata pigo mara mbili kwa siku moja: midomo imeongezeka, gunia limepotea. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi na mpaka wa Gatumba ukafungwa, na mlango wa mashariki nao, unaopitisha biashara ndogondogo za kina mama kila siku, ukazibwa.

Wanaotafuta njia ya amani kati ya jamii za milimani huanza na majina ya viongozi. Wangeweza kuanza pia na njia za chakula. Mwanamke anayeshuka na maharage hapandi mikono mitupu. Anarudi na chumvi, sabuni, na ndagala wakavu ambao ndio nyama ya watoto wa milimani kwenye nyumba zisizo na ng'ombe. Njia ikikatika, Mulongwe inakosa maharage na Rurambo inakosa samaki katika wiki ileile. Hakuna utafiti ninaoutamani kama huu: mtu mmoja juu, mtu mmoja chini, wanaoandika siku moja vitu vilevile, na redio ya jamii inayosoma kwa Kiswahili kila siku ya soko yale waliyoandika, ili muuzaji ajue mzigo uko wapi na mnunuzi ajue kwa nini kichuguu kimekatwa.

Haihitaji mradi mkubwa kuanza. Daftari la shule la kurasa 100 linatosha msimu mzima, na mwandishi awe muuzaji mwenyewe, alipwe kwa muda wake. Safu ziwe chache: tarehe, hali ya mwezi angani, bei ya kopo, kopo lina kichuguu au limesawazishwa, na njia ya Rurambo iko wazi au imefungwa. Kalamu ifungwe kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana pale sokoni kalamu haikai.